Kabla ya kumeza tembe za mwani, tazama chumvi

MSAFIRI atokaye Malindi kuelekea Garsen hupita Gongoni, ambako chumvi ya bahari hurundikwa ikawa vilima vyeupe. Mkazi wa Tana River anayejiuliza kama tembe za mwani zitamfaa yafaa aanzie kwenye chumvi hiyo, si kwenye duka la dawa.

Kilicho kingi katika tembe hizo, hasa zitokanazo na mwani wa kahawia uitwao kelp, ni ayodini. Madini haya huiwezesha tezi ya shingoni kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto angali tumboni. Yakipungua, tezi hufura, ndiyo goita. Kwa sababu hiyo Kenya iliamuru mnamo 1978 chumvi ya kupikia itiwe ayodini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Chumvi yenye miligramu 30 za ayodini katika kila kilo hutoa mikrogramu 150 kwa gramu 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Gramu moja ya kelp kavu huweza kuwa na zaidi ya 1,000.

Ayodini ikizidi, tezi huweza kufanya kazi kupita kiasi au, kinyume chake, kuzorota. Mwenye goita ya miaka mingi, ambaye ndiye hushawishika upesi kununua tembe hizi, ndiye aliye hatarini zaidi: moyo huweza kumwenda mbio, mikono ikatetemeka, mwili ukakonda. Apimwe damu kwanza. Mjamzito naye asizimeze bila ushauri wa kliniki. Madai kwamba tembe hizo hupunguza unene au huponya kisukari hayana uthibitisho wa kutosha.

Mwani wanaoukuza akina mama wa Kibuyuni, Kwale, na Paje, Unguja, ni wa jamii nyingine. Hutolewa ute wa kuzitia uzito aiskrimu na dawa ya meno, na sifa zake zisichanganywe na za kelp.

Katika nyumba za Garsen, basi, pakiti ya chumvi isomwe kama imeandikwa ayodini, kisha chumvi ihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, kwani unyevu huipunguza nguvu. Chumvi ghafi inunuliwayo kwa ajili ya ng'ombe huenda haikutiwa madini hayo, hata iwe nyeupe namna gani.