Kilo Zinaondoka, Zinarudi: Tusidanganyike na Mashindano ya Kukonda

Kwetu huku Butembo na Beni mtu akikuambia "umenona", anakusifu. Maana yake nyumbani kuna amani, biashara inatembea, chungu hakilali kitupu. Lakini akisema, "Mama, umekonda, uko mugonjwa?", anakuhurumia. Wazazi wetu waliona hivyo, na hawakukosa sababu. Kukonda kulikuja pamoja na njaa, vita, kifua kikuu na ukimwi.

Sasa kuna sauti nyingine ndani ya nyumba. Inatoka kwenye televisheni na kwenye simu za watoto wetu. Inasema: mnene ni mvivu, na mtu akikaza roho anaweza kupoteza kilo 10 kwa wiki moja. Binti anaacha kula chakula cha mchana. Kijana anavaa koti mbili na kukimbia juani kusudi atoke jasho. Mama mwenye maladi ya sukari anafunga siku tatu bila kuuliza munganga. Ndugu, hapo si mchezo tena.

TUJUE MASHINDANO YENYEWE

Yaliyojulikana zaidi yalianza Marekani mwaka 2004, kwenye televisheni ya NBC. Yaliitwa The Biggest Loser, maana yake "aliyepoteza zaidi". Watu wanene sana waliondolewa nyumbani kwao, wakakaa miezi mahali pa peke yao, wakafanya mazoezi ya nguvu saa nyingi kila siku na kula kidogo. Kisha walipanda juu ya mizani mbele ya kamera. Wenye kupoteza kilo chache walikuwa hatarini kurudishwa nyumbani. Mshindi alipewa dola 250,000. Kipindi kilisimama mwaka 2016, kikarudi tena mwaka 2020. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na mashindano yao ya wanawake, Slimpossible, kwenye televisheni ya Citizen, katika miaka ya 2010.

Fikiri kidogo, msomaji. Nani kati yetu anaweza kuacha shamba, duka na watoto miezi mitano, akae na mwalimu wa mazoezi na munganga karibu? Wale waliokuwa kwenye kioo hawakuwa na kazi nyingine. Wewe unapewa shauri lao, lakini hupewi munganga wao.

YALIYOKUWA NYUMA YA KAMERA

Mshindi wa kwanza kabisa, Ryan Benson, alipoteza kilo 55 hivi. Baadaye alieleza mwenyewe hadharani kwamba karibu na siku ya mizani alifunga na kujinyima maji mpaka akakojoa damu. Alisema kwamba siku 5 baada ya mashindano alikuwa amerudisha kilo 14 na zaidi, kwa kunywa maji tu! Kwa hiyo sehemu ya zile kilo haikuwa mafuta ya mwili. Ilikuwa maji.

Mwaka 2009, siku ya kwanza ya mashindano, washindani waliambiwa wakimbie pwani karibu kilometa moja na nusu. Mama mmoja alianguka, akabebwa kwa helikopta mpaka hospitali. Misuli yake ilikuwa imeanza kuvunjika na kumwaga sumu ndani ya damu, jambo linaloweza kuua figo. Mwaka 2014 mshindi Rachel Frederickson alianza na kilo 118, akamaliza na kilo 48 hivi. Hata walimu wa mazoezi waliokuwa pale walishangaa walipomuona.

MWILI HAUSAHAU

Wataalamu wa serikali ya Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwafuata washindani 14 wa mwaka 2009 kwa miaka 6. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amepoteza kilo 58. Baada ya miaka 6 walikuwa wamerudisha kilo 41. Kati ya wale 14, mmoja tu hakurudisha kitu. Wengine 4 walikuwa wanene kuliko siku walipoanza.

Walikuwa wavivu? Hapana. Sikiliza namna mwili unavyotenda kazi. Mama akiona unga umebaki kidogo, anapunguza kipimo. Bugali ya asubuhi inakuwa ndogo, ya jioni inakuwa ndogo zaidi. Hata unga ukipatikana tena, anaendelea kubana mkono, na ziada anaificha kwa siku mbaya. Mwili nao unafanya vile. Ukiunyima chakula kwa nguvu, unadhani njaa imeingia nchini. Unapunguza moto wake.

Wale washindani, hata baada ya miaka 6, miili yao ilichoma kalori karibu 500 kwa siku pungufu ya ile ya mtu mwenye ukubwa kama wao. Kalori 500 ni kama nguvu iliyo ndani ya gramu 140 za unga wa muhogo. Tena, leptini, ile homoni inayoambia ubongo "nimeshiba", ilikuwa imeshuka karibu kuisha siku ya mwisho ya mashindano. Miaka 6 baadaye ilikuwa bado haijafika pale ilipokuwa mwanzoni. Kwa hiyo mtu anakula kidogo, ananona. Anaona njaa, na watu wanamcheka kwamba hana roho ya kujizuia. Tusimcheke.

KWETU HUKU JE?

Kijana anayechimba dhahabu upande wa Mangurejipa amekwisha fanya mazoezi yake kabla jua halijawa kali. Mwenye kusukuma chukudu yenye mzigo, vilevile. Mama anayerudi shambani na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hana haja ya mtu wa televisheni kumwambia "ongeza nguvu!" Miili hiyo inaomba chakula cha kutosha, maji safi na kupumzika. Mchimbaji akipunguza chakula na maji kusudi awe na mwili wa kwenye sinema, ataona kizunguzungu, na ndani ya shimo kizunguzungu ni kifo.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yamefukuza wengi mashambani. Katika mtaa mmoja unaweza kukuta mtoto mwenye bwaki na jirani mwenye unene unaomletea maladi ya sukari. Shauri moja la televisheni haliwezi kuwafaa wote wawili.

Hawa hasa wasijaribu kujinyima chakula bila munganga:

1. Mwenye maladi ya sukari anayetumia insulini ao vidonge. Akiacha kula na dawa ikaendelea, sukari ya damu inaweza kushuka ghafula, akapoteza fahamu, hata akafa.

2. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha.

3. Binti na kijana ambaye bado anakua. Binti anayepata hezi anahitaji madini ya chuma; akijinyima maharagi, nyama na mboga, damu inapunguka.

4. Mwenye maladi ya moyo, figo ao shinikizo la damu.

Na dawa za kuharisha, je? Zinaondoa maji na chumvi ya mwili, mafuta yanabaki palepale. Koti mbili juani, ni vilevile. Upande mwingine wa feza ileile ni wale dada wanaomeza vidonge vya kunenepesha, kama deksametazoni na siproheptadini. Dawa hizo ziliwekwa kwa kazi nyingine. Deksametazoni inaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na mwenye kuizoea akiiacha ghafula anaweza kuanguka. Huyu anataka kunona haraka, yule anataka kukonda haraka. Wote wawili wanaharibu mwili kwa ajili ya macho ya watu.

KINACHOSAIDIA KWELI

Hatusemi unene hauna shida. Unene mwingi unasaidia kuleta maladi ya sukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Lakini dawa yake haina haraka. Mwaka 2002 Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata maladi ya sukari. Kundi moja liliombwa kupunguza sehemu 7 tu kwa mia za uzito wao, na kutembea ao kufanya mazoezi kama hayo dakika 150 kwa wiki. Ugonjwa ulipunguka kwa sehemu 58 kwa mia. Kwa mama wa kilo 90, hiyo ni kilo 6 hivi. Hakuna televisheni itakayompigia makofi kwa kilo 6, lakini zinaweza kumkinga.

Shirika la Afya Ulimwenguni nalo, mwaka 2020, lilishauri watu wazima watembeze mwili dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na watoto dakika 60 kila siku. Butembo ni mji wa milima: wewe unayekaa dukani mchana kutwa, shuka ku pikipiki mapema, umalizie mlima kwa miguu.

Mezani, punguza tonge la bugali kidogo, ongeza maharagi, sombe na lengalenga. Mafuta ya ngazi, pima kwa kijiko, usimimine kwa chupa. Soda ya sentilita 33 inaweza kuwa na gramu kama 35 za sukari, yaani zaidi ya vijiko 8 vya chai. Iwe ya siku ya sikukuu. Kasiksi na bia nazo zinanenepesha. Tena usipime kilo kila asubuhi. Mara moja kwa mwezi, kwenye kituo cha afya, inatosha. Na ukikonda bila kutaka, usifurahi: nenda upimwe.

Mzazi, usimwite mtoto wako "wewe tembo" mbele ya wageni. Kijana, usimcheke dada wa kwaya kwa umbo lake. Wengi walioingia njia za hatari waliingia juu ya neno moja la dharau.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA KUNDI LA VIJANA

1. Katika jamaa yetu, nani anahitaji kula zaidi, na nani anahitaji kutembea zaidi?

2. Tunasema maneno gani juu ya miili ya wengine? Yanajenga ao yanabomoa?

3. Ni badiliko gani moja dogo ambalo nyumba yetu inaweza kulishika mwaka mzima?