Chura Mwenye Sumu na Tumbusi

Wanyama wawili hawa hawajapata kuonana, kwani mmoja hukaa Marekani ya Kusini na wa pili Afrika. Lakini mwenye kuwaweka pamoja hupata mazingatio makubwa.

Wa kwanza ni chura wa rangi ya dhahabu, akaaye katika misitu ya Colombia upande wa bahari ya Pasifiki. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 5 tu. Ngozi yake ina sumu isimamishayo moyo, na Waembera, wenyeji wa huko, walikuwa wakisugua ncha za vishale vyao vya kuwindia mgongoni mwake. Ajabu ni kuwa sumu hiyo huipata katika wadudu awalao: chura aliyezaliwa mikononi mwa watu, akalishwa chakula kingine, hana sumu.

Wa pili ni tumbusi wa Rüppell. Tarehe 29 Novemba 1973 mmoja wao aligongana na eropleni juu ya Abidjan, kiasi cha mita 11,300 kutoka usawa wa bahari. Chakula chake ni mizoga, na tindikali ya tumbo lake ni kali hata huua vijidudu vya maradhi mengi. Yule hula wadudu akawa na sumu. Huyu hula uvundo akawa msafishaji wa nchi.

Lakini tumbo hilo haliiwezi sumu ya binadamu. Katika Kenya na Tanzania wako wafugaji ambao, simba akiwaulia ng'ombe, hutia dawa ya wadudu katika mzoga. Anayetakiwa ni simba mmoja. Wafao ni kundi zima la tumbusi. Nao hutaga yai moja tu kwa mwaka, basi pengo halizibiki upesi. Tangu mwaka 2015 wamehesabiwa miongoni mwa viumbe vilivyo karibu mno kutoweka.

Imepokewa na Abu Daud kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kutia chura katika dawa, naye akamkataza kumwua. Ikiwa chura amehifadhiwa hata mbele ya haja ya dawa, tutajibu nini kwa tumbusi wasiotukosea?

Basi enyi vijana wa mifugo, imarisheni maboma, lindeni usiku, wala msitie sumu mzogani. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzichunga amana zake. Amin.