Kipini: Kazi ya Kuhifadhi Ardhi Huanzia Majini

Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, haukuumbwa kutokea Kipini. Mpaka karne ya 19 ulimwaga maji yake kusini zaidi, katika Ghuba ya Ungwana. Ndipo Sultani wa Witu alipochimbisha mfereji wa Belezoni, kuuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi ili vyombo vipite. Maji yakaupanua mfereji mwaka hadi mwaka, mto ukahamia humo na kutokea Kipini. Kijana anayetafuta kazi ya uhifadhi hapa anakabidhiwa delta iliyogeuzwa kwa majembe.

Somo lake la kwanza ni chumvi. Wakulima wa Kipokomo huko Ozi wamelima mpunga kwa ujanja unaostahili kufundishwa vyuoni: bahari ikijaa, huyarudisha nyuma maji matamu ya mto hadi yakafurika mashambani, na shamba hunyweshwa bila pampu. Ujanja huo unahitaji mto wenye nguvu. Kati ya 1968 na 1988 mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma hadi Kiambere, yalijengwa huko juu, na mafuriko yakapungua. Sasa, kiangazi kinapokutana na bamvua, chumvi hupanda mto, mpunga hunyauka na mikoko huota palipokuwa shamba. Sheria inamtaka mhifadhi aulinde mkoko. Mwenye shamba anataka chakula.

Kupanda miti, kazi inayopigwa picha sana, ndiyo nyepesi. Miche ya mkoko huchomekwa tu matopeni, kwa hiyo hupandwa hata pasipoifaa. Mkoko hutaka matope yanayofunikwa na maji mara kwa mara. Mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko, huvumilia chumvi kali ya sehemu za juu. Msikundazi, mti wenye makao yake mashuhuri katika mlango huu wa Tana, hupendelea penye maji matamu. Asiyejua majira ya maji kujaa na kupwa atahesabu miche, kisha ahesabu vijiti vikavu.

Halafu kuna watu. Mwaka 2012 delta iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, hekta 163,600. Mwaka huohuo mapigano kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma, kwenye mvutano wa muda mrefu wa mashamba, malisho na njia za mifugo kwenda mtoni, yaliua watu zaidi ya 100. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliagiza iandaliwe mipango ya matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha wakazi, na mpango wa delta ukazinduliwa 2015. Ramani ya namna hiyo huchorwa barazani, mkulima na mfugaji wakibishana mbele ya afisa anayejua kunyamaza.

Chuo cha Misitu cha Kenya kiko Londiani, nyanda za juu, mbali kabisa na pwani. Elimu ya matope, wanaotoka huko huipata kazini. Sheria ya misitu ya 2016 inawapa nafasi pia wasiovaa sare, kupitia vyama vya jamii vya misitu. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu miaka ya 2010, na fedha zake zimeingia katika maji na shule za kijiji. Kipini ina vijana wanaojua kila hori kwa mtumbwi, na wengi wao hawana cheti.