Je, Wajua? Farasi wa Italia, Mji wa Katuni na Mama Mkwe wa Iowa

Karatasi milioni 2 zilizoangukia pua

Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya majaribio kwa watu wapatao milioni 10. Zaidi ya milioni 2 zikarudi zimejazwa, na jarida likatangaza bila kupepesa macho kwamba Alf Landon angembwaga Rais Franklin Roosevelt kwa asilimia 57. Kura halisi zilipohesabiwa, Landon aliambulia majimbo mawili, Maine na Vermont. Roosevelt alizoa 46 yaliyobaki.

Kilicholiponza jarida ni orodha ya majina. Sehemu kubwa ilitoka kwenye vitabu vya simu na daftari za wenye magari, na katika miaka ile ya ukata, mwenye simu na gari hakuwa mwananchi wa kawaida. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi walikuwa hasa wale waliokuwa na hasira na Roosevelt. Wakati huohuo mtafiti wa maoni George Gallup, aliyetegemea majibu ya watu 50,000 hivi, alisema Roosevelt angeshinda. Tena alifanya jambo la kuudhi zaidi: wiki kadhaa kabla jarida halijatuma hata karatasi moja, alitangaza kwamba lingekosea na akataja takriban kiasi cha kosa lenyewe. Literary Digest, lililokuwa limepatia kila uchaguzi wa rais tangu 1916, lilifungasha virago 1938.

Mteja wa kwanza wa Gallup alikuwa mama mkwe

Miaka minne kabla ya uchaguzi huo wa 1936, yaani mwaka 1932, Ola Babcock Miller aligombea ukatibu wa jimbo la Iowa, na wengi hawakumpa nafasi. Mkwewe Gallup akampimia upepo kwa utafiti wa maoni. Mama alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Iowa. Wakwe wengine hupeleka kitenge.

Tanzania na Marekani zinatoshwa na sampuli ileile

Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania. Marekani wako zaidi ya milioni 330. Hata hivyo, ukihoji watu 1,200 waliopatikana kwa bahati nasibu katika nchi yoyote kati ya hizo mbili, kiwango cha makosa ni kilekile: takriban asilimia 3 juu au chini. Gallup alipenda kueleza kwa mfano wa supu. Mpishi akikoroga vizuri, kijiko kimoja kinamwambia habari za chumvi, iwe ni sufuria ya familia au ya harusi. Ugumu wote uko kwenye kukoroga, na hapo ndipo wale wa karatasi milioni 2 walipokwama.

Lakini kuna bei ya kushangaza. Ukitaka kupunguza kosa hilo kwa nusu, watu 2,400 hawatoshi, unahitaji 4,800. Ndiyo maana hakuna anayehangaika kuhoji milioni.

Kuna wahojaji wanaoongozwa na jua

Afrobarometer, mtandao wa utafiti ulioanza 1999 katika nchi 12 za Afrika na sasa uko karibu nchi 40, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, una utaratibu wa kuchagua nyumba ambao nikiusoma sichoki. Wahojaji wanne wanashuka mahali palipoteuliwa kwa bahati nasibu. Wa kwanza anatembea kulielekea jua. Wa pili analipa mgongo. Wawili waliobaki wanashika pande mbili za ubavuni. Kisha wanahesabu nyumba kwa kufuata tarehe: ikiwa ni tarehe 14, 1 na 4 ni 5, basi hodi inapigwa nyumba ya tano.

Na si yeyote anayeitikia hodi ndiye anayehojiwa. Kuna zamu, nyumba hii mwanamume, ijayo mwanamke, na miongoni mwa watu wazima wa jinsia hiyo jina moja hupatikana kwa bahati nasibu. Zamani ilivutwa karata yenye namba. Siku hizi kishikwambi kinachagua. Kwa hiyo baba mwenye nyumba anaweza kuwa amekaa barazani, amekohoa, amejiweka sawa kutoa msimamo wake kuhusu bei ya mafuta, na bado bahati ikamwangukia binti wa miaka 18 aliyeko jikoni. Baba hana lake. Ni sauti ya binti inayotakiwa.

Swali la mwisho la dodoso ndilo tamu kuliko yote: unadhani ni nani aliyetutuma? Mhojaji alishajitambulisha mlangoni kwamba hawakilishi serikali wala chama chochote. Pamoja na hayo, watu wengi hujibu: serikali. Kwa mtafiti jibu hilo ni dhahabu, kwa sababu anayeamini anaongea na serikali huchunga ulimi, na majibu yake mengine inabidi yasomwe kwa jicho hilo.

Watafiti waliwagawia wahojiwa simu

Utafiti wa Sauti za Wananchi wa taasisi ya Twaweza hufanyika Tanzania kwa kupiga simu. Sasa, ukiwapigia wenye simu tu, umerudi kulekule kwa Literary Digest. Dawa yao: kaya takriban 2,000 zilichaguliwa mwanzoni, zikapewa simu, na chaja za sola juu yake, ili asiye na umeme naye apatikane hewani.

Ni utafiti huo ulioonyesha kukubalika kwa Rais John Magufuli kukishuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 71 mwaka 2017, kisha 55 mwaka 2018. Matokeo ya mwisho yalizua kizaazaa, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikaitaka Twaweza ijieleze kuhusu kibali. Asilimia 55, ikumbukwe, bado ni zaidi ya nusu. Viongozi wengi wa Ulaya wangeipokea kwa vigelegele.

Wamarekani waliunga mkono kupiga mabomu mji usiokuwepo

Desemba 2015 kampuni ya Public Policy Polling iliwauliza wapigakura wa chama cha Republican kama wanaunga mkono Agrabah ishambuliwe kwa mabomu. Asilimia 30 walisema ndiyo. Agrabah ni mji wa kwenye katuni ya Aladdin. Wafuasi wa Democratic wasicheke sana: asilimia 19 yao walikubali pia, na 36 walipinga kuushambulia mji huohuo wa kuchorwa.

Si mambo ya Marekani ya leo tu. Watafiti wa Cincinnati waliwahi kuwauliza watu kuhusu sheria ya mwaka 1975 waliyoitunga wenyewe vichwani, na karibu theluthi moja wakatoa maoni. Kumbe neno "sijui" lina uzito kuliko tunavyodhani.

Neno moja linaweza kuhamisha watu 20 kati ya 100

Mtafiti Donald Rugg alichapisha mwaka 1941 matokeo ya jaribio dogo lililofanyika Marekani. Kundi moja liliulizwa kama hotuba za kupinga demokrasia ziruhusiwe: asilimia 75 walisema zisiruhusiwe. Kundi la pili liliulizwa kama zipigwe marufuku: waliotaka marufuku walikuwa 54. Jambo ni lilelile, ila kupiga marufuku kunasikika kama rungu. Ukisoma matokeo ya utafiti gazetini, tafuta swali lenyewe kabla hujaanza kubishana kijiweni.

Denmark wanaaminiana, Colombia wanaviziana

Utafiti wa dunia wa maadili, World Values Survey, unauliza tangu 1981: je, watu wengi wanaaminika? Denmark na Norway zaidi ya watu 70 kati ya 100 husema ndiyo. Colombia hawafiki 10.

Simu 100, majibu 6

Mwaka 1997 kituo cha Pew cha Marekani kilifanikiwa kuhoji watu 36 kwa kila namba 100 za simu. Mwaka 2018 walibaki 6. Nani anapokea namba asiyoijua siku hizi?

Italia, farasi hukimbia wakati wa uchaguzi

Sheria ya Kenya ya 2012 inazuia kuchapisha tafiti za maoni ya uchaguzi siku tano za mwisho. (Mwaka 2022 tafiti kadhaa za mwishomwisho zilimweka Raila Odinga mbele; William Ruto akashinda kwa asilimia 50.49.) Italia ni wakali zaidi: siku 15. Lakini Mwitaliano hakosi njia. Kipindi hicho tovuti kadhaa huanza ghafla kuripoti mbio za farasi za kichochoroni, kila farasi akiwa na jina linalofanana na la chama au mwanasiasa, na muda aliomaliza nao ukifanana ajabu na asilimia.

Ufaransa, Aprili 2012, ilikuwa marufuku kutoa makadirio yoyote kabla ya saa mbili usiku, faini ikifika euro 75,000. Basi mchana kutwa Wafaransa wakajaza Twitter habari za jibini la Uholanzi, yaani François Hollande, na za mvinyo wa Hungaria, yaani Nicolas Sarkozy, ambaye baba yake alitoka huko. Wengine walilinganisha joto la Amsterdam na la Budapest. Amsterdam kulikuwa na joto zaidi kidogo, na usiku Hollande akatangazwa kuongoza duru ya kwanza.