Kamera Zilibadilika, Amana ni Ile Ile

Waswahili husema siri ya mtungi iulize kata. Katika arusi za mji wetu wa Mombasa, kata hiyo nilikuwa mimi. Kwa zaidi ya miaka 50 nimewapiga picha maarusi waliokwisha pambwa, nywele wazi, hina mikononi na asumini kifuani, mahali ambapo mwanamume hathubutu kutia mguu. Watu wengi huniuliza habari za kamera nilizozitumia. Nami huwajibu kwamba kila chombo kilipobadilika, ilibadilika pia idadi ya macho yaliyoiona picha kabla ya mwenyewe.

Kamera yangu ya kwanza nilipewa na mjomba wangu, baharia, mwaka 1968, nilipokuwa na umri wa miaka 15. Ilikuwa Box Brownie, kisanduku cheusi cha jamii ile ambayo kampuni ya Kodak ilianza kuiuza mwaka 1900 kwa dola moja tu. Msomaji asikidharau. Marehemu Mohamed Amin, Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, naye alianza na Box Brownie. Lakini kisanduku changu kilikuwa kipofu penye giza. Hakikuwa na taa, na filamu moja ilitoa picha 8 basi. Kupamba hufanywa usiku, kwa hiyo ilinibidi nimwombe bibi arusi avae tena asubuhi yake, nimsimamishe uani penye jua. Picha 8, na ole wangu mkono ukitikisika!

Mwaka 1974 nilinunua Yashica-Mat kuukuu, yenye lenzi mbili, moja juu ya mwenziwe. Hiyo ilitoa picha 12. Mpigaji huinamisha kichwa na kuchungulia kioo cha juu kama atazamaye kisimani, na sura huonekana imegeuka, kulia kuwa kushoto. Maarusi waliipenda kwa sababu sikuwakodolea macho. Nilipopata na taa ya flashi, nikaweza kuingia ukumbini usiku ule ule wa kupamba.

Filamu nilizisafisha mwenyewe bafuni kwetu, watu wakisha lala. Filamu yenyewe hutaka giza totoro, lakini karatasi ya picha nyeusi na nyeupe huvumilia taa nyekundu. Nilipanga karai tatu: ya dawa ya kuitoa sura, ya maji, na ya dawa ya kuizuia isififie. Sura ya bibi arusi ilizuka polepole karaini, na hapakuwa na aionaye ila mimi na Mola wangu.

Mambo yaligeuka ilipoingia rangi. Dawa za filamu ya rangi zilitaka joto la nyuzi 38 lisilopanda wala kushuka, na karatasi yake haikutaka hata ile taa nyekundu. Bafu langu likashindwa. Kila bibi arusi alitaka rangi, nami nikawa nazipeleka filamu mjini, kwenye duka moja lililokuwa na mashine na wafanyakazi wanaume.

Siku moja mwaka 1983 alinijia mama wa bibi arusi, machozi yakimlengalenga. Picha ya bintiye, nywele wazi, ilikuwa imetundikwa dirishani mwa duka lile kama mfano wa kazi nzuri. "Binti yangu nalikukabidhi wewe," akaniambia, "si mji mzima." Sikuwa na jawabu. Nilikwenda na kaka yangu, tukaitwaa picha ile pamoja na filamu yake. Mwenye duka alishangaa, kwani alidhani ameniheshimu. Kosa lilikuwa langu niliyeitoa amana mkononi mwangu. Tangu siku hiyo kupamba nikakupiga kwa nyeusi na nyeupe tu, na wateja wengi wakanikimbia.

Mwaka 2005 mwanangu aliniletea kamera ya dijitali. Chombo hiki asili yake ni pale pale Kodak, ambako mhandisi Steven Sasson alitengeneza cha kwanza mwaka 1975. Kilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6 na kilichukua sekunde 23 kuihifadhi picha moja kwenye kanda. Ajabu ni kwamba mwaka 2012 Kodak yenyewe, ikilemewa na madeni, iliomba hifadhi ya mahakama. Wengi walililia filamu. Mimi nilishukuru, kwa kuwa nilinunua mashine ndogo ya kuchapia, na picha za rangi zikarudi kutengenezwa nyumbani kwangu.

Furaha hiyo haikudumu. Leo kila mgeni ana kamera ndani ya simu yake, na picha ya bibi arusi yaweza kufika Maskati kabla hajashuka jukwaani. Hapana kaka awezaye kwenda kuitwaa huko. Ndiyo maana siku hizi arusi nyingi zina desturi ya kuziacha simu mlangoni.

Juzi, katika arusi moja Kibokoni, niliombwa nikae mlangoni na kikapu cha ukili, kila aingiaye atie simu yake humo. Msichana mmoja akanicheka.

"Bibi, wewe si mpiga picha? Mbona leo wakusanya kamera?"

"Tia, mjukuu wangu," nikamwambia. "Kazi ni ile ile."