Rais wa Marekani na mfuko wetu: tarakimu zasema nini?

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, baraza zetu hugeuka kamati za kampeni. Kuanzia Lamu hadi Vanga utamkuta mtu ambaye hajapita Tanga akikueleza kwa uhakika kwamba chama cha Republican ni cha wafanyabiashara, kwa hivyo kikishika serikali uchumi hunawiri, ilhali Democratic wana huruma lakini ni watu wa kutumia ovyo. Mwengine atakwambia Democratic ndio marafiki wa Mwafrika. Na karibu wote hukubaliana juu ya jambo moja: akibadilika rais kule, dola hubadilika huku.

Maneno haya si ya kupitisha kikombe cha kahawa tu. Kuna mtu anayeagiza mzigo kutoka Dubai, kuna anayeweka akiba yake kwa dola, kuna mama anayengoja pesa za kijana aliyeko Minneapolis. Wote hawa hufanya uamuzi kwa kufuata imani hizi. Na kwa kuwa serikali ya Marekani huchapisha hesabu zake hadharani, hakuna sababu ya kubahatisha.

Tuanze na uchumi. Mwaka 2016 wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Alan Blinder na Mark Watson, walichapisha utafiti uliopima marais kuanzia Harry Truman hadi muhula wa kwanza wa Barack Obama. Ni mihula 16, yaani miaka 64. Walipotafuta wastani, uchumi ulikua kwa asilimia 4.33 kwa mwaka chini ya marais wa Democratic, na asilimia 2.54 chini ya wale wa Republican. Pengo hilo si dogo. Uchumi unaokua kwa asilimia 4.33 huwa maradufu baada ya miaka 16 na ushei. Ule wa asilimia 2.54 huhitaji karibu miaka 28. Katika muda huo wote, Marekani ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi kwa vipindi 49 vya miezi mitatu mitatu. Vipindi 41 vilikuwa chini ya Republican na 8 tu chini ya Democratic.

Kwa hivyo ile imani ya chama cha wafanyabiashara, kwa tarakimu, haisimami. Shabiki wa Obama hapa atataka kupiga makofi. Asubiri kidogo.

Blinder aliwahi kuwa mshauri wa uchumi wa Bill Clinton, na mtu ana haki ya kumtilia shaka kwa hilo. Lakini ni yeye huyo na mwenzake walioandika kwamba sehemu kubwa ya pengo hilo haitokani na sera za marais. Walitazama kodi na matumizi ya serikali, wakatazama riba, hawakuona maelezo ya kutosha. Walichokiona ni bei ya mafuta, uzalishaji wa wafanyakazi na viwanda, na hali ya uchumi wa dunia. Nixon alikuwa madarakani mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipofunga mfereji wa mafuta. Bush mkubwa alikuwapo 1990 Iraq ilipoingia Kuwait na bei ikaruka. Clinton naye alikuta kompyuta na intaneti zikianza kuleta faida viwandani na maofisini. Tukiita sehemu kubwa ya hayo bahati, hatutakuwa tumewaonea.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Paul Volcker. Aliteuliwa kuongoza Benki Kuu ya Marekani, ile iitwayo Fed kwa ufupi, mwaka 1979 na Jimmy Carter wa Democratic. Bei za vitu zilikuwa zikipanda mbio, naye akapandisha riba hadi kufikia karibu asilimia 20 ili kuzivunja nguvu. Dawa ilikuwa chungu. Carter alishindwa uchaguzi wa 1980, na mwishoni mwa 1982, Ronald Reagan akiwa Ikulu, ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8. Kisha bei zikatulia, uchumi ukainuka, na hadi leo sifa ni za Reagan. Volcker hakupigiwa kura na mtu yeyote, wala jina lake hutalisikia barazani.

Na ule usemi kwamba Democratic ndio wa kutumia ovyo? Chini ya Reagan deni la taifa lilipanda kutoka chini ya dola trilioni 1 hadi zaidi ya trilioni 2.5. Mara ya mwisho Marekani kukusanya pesa nyingi kuliko ilizotumia ilikuwa miaka minne ya bajeti, 1998 hadi 2001, na bajeti hizo ni za wakati wa Clinton, ingawa Bunge lilikuwa mikononi mwa Republican na nao wana haki ya kudai sehemu yao. Tangu hapo hakuna aliyejizuia. Trump katika muhula wake wa kwanza alilikuta deni karibu trilioni 20, akaliacha karibu trilioni 28, janga la korona likiwa limechangia sehemu kubwa. Biden akaliacha limepita trilioni 36. Kila chama huhubiri kubana matumizi kikiwa upinzani.

Kuna pia wale wasemao kwamba deni hilo lote ni la China, na siku China ikilidai Marekani itaanguka. Mkopeshaji mkubwa wa nje ni Japani, ambaye ana dola trilioni 1 na zaidi. China imekuwa ikipunguza kwa miaka, sasa iko chini ya bilioni 800. Sehemu kubwa ya deni wanadaiana Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, ikiwemo mifuko yao ya malipo ya uzeeni. Hilo tulifunge.

Tusidhani kwamba sisi wa mbali ndio tusiojua. Shirika la Gallup huwauliza Wamarekani mara kwa mara wanauonaje uchumi wao. Novemba 2016, baada ya Trump kushinda, wafuasi wa Republican waliokuwa wakilalamika wakaanza kuuona uchumi mzuri katika muda wa siku chache, na wale wa Democratic wakaanza kuingiwa na hofu. Trump alikuwa hata hajaapishwa. Hakuna kiwanda kilichofunguliwa wala kufungwa kwa wiki hiyo. Kilichobadilika ni nani aliyeshinda.

Na kutojua kwao kuna mahali kunatugusa sisi moja kwa moja. Kwa miaka mingi, taasisi ya KFF ya kule imewauliza wananchi: katika bajeti ya serikali yenu, msaada kwa nchi za nje ni sehemu gani? Jibu lao kwa wastani huwa robo ya bajeti, au hata zaidi. Ukweli ni kama asilimia 1. Mwaka wa fedha 2023 zilikuwa karibu dola bilioni 72, katika matumizi ya zaidi ya trilioni 6. Mtu anayeamini kwamba robo ya kodi yake yapelekwa ng'ambo, ukimwambia utaikata, atakushangilia. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Trump alisimamisha misaada hiyo kwa siku 90 ili ikaguliwe, na kufikia Julai mosi shirika la USAID lilikuwa limefungwa, mabaki yake yakatiwa kwenye Wizara ya Mambo ya Nje. Hapa Kenya wahudumu wengi wa miradi ya ukimwi walitumwa nyumbani, na wagonjwa wakaenda kliniki wasijue kama dawa za mwezi ujao zitakuwapo. Kwa bajeti ya Marekani ilikuwa ni kuchota kikombe baharini: mwaka wa fedha 2024, riba ya deni lao peke yake ilizidi bajeti ya jeshi.

Hapo ndipo ile hadithi ya marafiki wa Mwafrika inapohitaji kutazamwa upya. Mpango huo wa dawa za ukimwi, PEPFAR, ulitangazwa Januari 2003 kwa ahadi ya dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Rais aliyeuanzisha ni George W. Bush, wa Republican, mtu ambaye kwa sababu ya Iraq hutapata wengi wa kumsifu katika misikiti yetu. Nami simsifu kwa Iraq. Lakini nikihesabu maisha yaliyookolewa Afrika, hakuna rais wa Marekani ninayeweza kumweka mbele yake. Sheria ya AGOA, iliyofungua soko la Marekani kwa nguo zinazoshonwa viwandani Kenya, ilitiwa saini na Clinton mwaka 2000, ikarefushwa na Bush, kisha na Obama. Obama tuliyemwita mtoto wetu ndiye ambaye serikali yake ilitoa onyo la usafiri dhidi ya Kenya mwaka 2014, msimu ambao Uingereza ilitoa lake na watalii wakarudishwa makwao kutoka hoteli za Mombasa. Serikali hiyo hiyo mwaka 2016 ilikubali kuipa Israel msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka kumi. Rangi ya chama haikutabiri lolote kati ya haya.

Sasa ile imani kubwa kuliko zote, ya rais na dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa shilingi 113 hivi. Januari 2024 ilipita 160. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imerudi karibu 129. Panda hiyo na shuka hiyo yote, rais kule alikuwa mmoja, Joe Biden. Kisha Novemba 2024 Trump akashinda, Januari akaapishwa, Aprili akatangaza ushuru mpya wa forodha kwa karibu dunia nzima. Shilingi ikabaki pale pale, karibu 129.

Kilichoisukuma ni kitu chengine. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, Fed ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, kwa sababu bei za vitu kule zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1. Mwenye pesa akipata asilimia 5 Marekani bila wasiwasi, ana haja gani ya kuzileta Nairobi? Dola zikawa adimu huku. Juu ya hayo, Kenya ilikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2, lililochukuliwa 2014, la kulipwa Juni 2024, na soko likaingiwa na hofu kwamba hatutaweza. Februari 2024 serikali ikakopa bilioni 1.5 nyengine, kwa riba ya asilimia 9.75, ili kulipa sehemu ya lile la zamani. Hofu ikatoka, na ndani ya wiki chache shilingi ikapata nguvu. Tulinunua utulivu huo, na bei yake hatujamaliza kuilipa.

Kwa hivyo ukitaka kujua kama mzigo wako wa Dubai utapanda bei, acha kuhesabu kura za Pennsylvania. Kamati ya Fed inayopanga riba hukutana mara nane kwa mwaka, na tarehe zake hutangazwa mapema. Ule mkopo wa Februari 2024 nao umepangwa kulipwa kwa mafungu matatu: 2029, 2030 na 2031.