Mishipa Inavyozeeka (Sehemu ya Tatu): Mitokondria Zinapovuja

Wiki iliyopita tuliishia kwenye utando wa ndani wa mshipa wa damu, ile safu moja ya seli inayogusana na damu usiku na mchana. Leo tuingie ndani ya seli hizo.

Mwanafunzi wa sekondari atakuambia mitokondria ni mtambo wa umeme wa seli. Kwa misuli ya moyo jibu hilo linatosha: mitokondria zimejaa humo karibu theluthi ya nafasi yote. Ila kwenye utando wa mishipa ni chache, na seli zake hujipatia sehemu kubwa ya nguvu kwa kuvunja sukari bila oksijeni. Basi zinafanya nini pale? Zaidi ya yote hutoa ishara, na hapo ndipo uzee unapopenya.

Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Brooklyn, New York, na mwenzake John Zawadzki walichapisha jaribio la vipande vya ateri kuu ya sungura. Kipande chenye utando mzima kilipotiwa kemikali iitwayo asetilikolini kililegea. Kilichokwanguliwa utando hakikulegea. Kumbe ni utando unaoiamuru misuli ya mshipa ilegee! Mjumbe wake akaja kutambuliwa kuwa gesi ya naitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapata Tuzo ya Nobel.

Gesi hiyo haidumu, na adui yake anaishi humo humo. Mitokondria inapopitisha elektroni, chache huchopoka na kudaka oksijeni, ikazaliwa supaoksaidi. Ikiwa kidogo haina neno. Seli huichukua kama ishara na kujirekebisha. Mitokondria zikichakaa, uvujaji huzidi. Supaoksaidi huungana na naitriki oksaidi papo hapo na kuwa peroksinaitraiti, ambayo huharibu kisaidizi kinachohitajiwa na kimeng'enya cha kutengeneza gesi ile. Kimeng'enya kikikikosa, nacho huanza kumwaga supaoksaidi. Mshipa hubaki umekaza, na presha hupata mwanya.

Kwenye kisukari mambo huenda mbio zaidi. Kundi la mtafiti Michael Brownlee lilionyesha mwaka 2000 kwamba sukari nyingi huzifanya mitokondria za utando zizalishe supaoksaidi kupita kiasi, na kwamba ikizuiwa hapo, njia kadhaa za uharibifu zilizodhaniwa hazihusiani hutulia kwa pamoja.

Si tumeze vitamini E, inayosifiwa kwa kuzima kemikali kali za aina hiyo, basi? Ilishajaribiwa. Utafiti wa HOPE, uliochukua watu zaidi ya 9,000, haukuona nafuu yoyote kwa moyo. Kwa maoni yangu, sababu mojawapo ni kwamba vitamini hiyo haijikusanyi penye uvujaji.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walijaribu dawa ya kazi hiyo hiyo, ila inayojikusanya ndani ya mitokondria, iitwayo MitoQ. Kipimo chao ni rahisi kukieleza: mtu hulala chali, mkanda kama wa presha hukazwa chini ya kiwiko kwa dakika 5, kisha hufunguliwa ghafla. Damu ikirudi kwa kasi, ultrasaundi huangalia ateri ya juu ya kiwiko imepanuka kiasi gani. Kwa wazee 20 waliotumia MitoQ wiki 6, upanukaji uliongezeka kwa takriban asilimia 42. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Lakini watu 20 ni wachache, na ateri kupanuka si sawa na kuepuka kiharusi. Mtu asikuuzie kopo la vidonge kwa takwimu hiyo.

Mazoezi yana ushahidi wa miaka mingi zaidi. Damu inayopita kwa kasi husugua utando, nazo seli hujenga mitokondria mpya na kuteketeza zilizochakaa. Wanaume wazee wanaotembea haraka au kukimbia mara kwa mara huwa na ateri zinazopanuka karibu kama za vijana. Kwa wanawake waliokoma hedhi, matokeo hayakuwa thabiti hivyo, isipokuwa kwa waliokuwa wakipewa estrojeni. Uhusiano wa homoni hiyo na mitokondria ndio tutakaouchambua wiki ijayo.